Keekee ya Saa Kumi

Saa kumi usiku, Reno, wananiletea dado kwenye trei ya bati,
arobaini, nyekundu, bado zina joto la viganja.
Kazi yangu ni kuziua.
Keekee inashuka, inapenya katikati ya tano,
vumbi jekundu linanirukia kwenye kope,
na dado iliyobusiwa usiku kucha, ikabembelezwa,
ikatukanwa matusi ya nguoni,
inatoka na tundu. Haina tena la kumwambia mtu.

Kabla ya kuziua nazipima.
Nazishika pembe kwa pembe kati ya sindano mbili, nazizungusha.
Dado ya haki husimama popote.
Iliyotiwa risasi hugeuka taratibu
ikalala upande uleule,
kama mlevi anayeijua njia ya kwao.

Baba yangu, Erramun, hakukulia kwenye plastiki.
Alitoka milima ya Wabaski, akakabidhiwa kondoo elfu moja mia nane,
mbwa wawili,
na bonde zima la Nevada la kuzungumza nalo.
Theluji ikishuka alirusha mfupa wa kifundo cha mguu wa kondoo:
shimo, mgongo, mfalme, mnyongaji.
Alicheza na mbwa, dau maharage.
Mbwa, alisema, hawakuwahi kulipa.

"Kamari ilianzia hapa," akinionyesha mfupa.
"Mtu alikula nyama, akashiba,
akabakiwa na mfupa na usiku mrefu."
Nimewasikia wengine wakiieleza historia hiyo kwa kirefu.
Hawakuongeza mengi.

Bwana Tollefsen, aliyenifundisha keekee,
alikuwa na kopo la tumbaku lililojaa dado za marehemu.
Moja ya mfupa, ya meli za mtoni,
ukiitikisa unasikia zebaki ikinong'ona ndani.
Moja ya pembe ya ndovu, kona zimelika:
askari waliirusha juu ya blanketi wakisubiri kuitwa.
Moja ina tano mbili, mbili haina.
"Huyu," alisema, "kaoa mara ya pili bila kutoa talaka."
Akanihesabia pande zinazotazamana:
sita humlalia moja, tano mbili, nne tatu,
saba, saba, saba,
tangu Warumi, wala hakuna anayekumbuka nani aliagiza.

Novemba ya arobaini na nane baba alishuka mlimani
na mshahara wa miaka mitatu na kofia mpya.
Aliingia saa mbili usiku.
Kulipokucha alitoka akiomba maji.
Kofia alibaki nayo; walikataa kuipokea kwenye meza.
"Walinichezea," alimwambia mama,
na mama akafua mashuka ya nyumba ya wageni miaka kumi na mmoja
juu ya neno hilo moja.

Ndiyo maana niliomba kazi hii. Sikumwambia bosi.

Stoo kuna bahasha, kila usiku na dado zake mbili za kumbukumbu.
Nilizisogeza nne kwa wiki, nikijifanya nafagia,
mpaka nikaifikia tarehe tisa.
Wino umefifia. Dado zimechuja rangi ya divai.
Nikazipeleka kwenye sindano.
Nikazungusha. Ikasimama kwenye nne.
Nikazungusha. Mbili. Sita. Nne tena. Moja.
Nilizungusha hadi vidole vikafa ganzi.

Zilikuwa za haki.
Hakuna aliyemwibia. Meza ilikaa tu pale, ikijua hesabu yake,
ikamngoja achoke.
Nilikuja na chuki ya miaka kumi na mitatu
na sikupata pa kuitua.

Jumapili nilikwenda kwake na mkate na supu ya vitunguu saumu.
Mfupa wa kondoo uko dirishani, umekuwa mweusi kwa kushikwa.
"Uliziona?" akauliza bila kuniangalia.
Nikauhisi ulimi ukigeuka taratibu,
ukilala upande ule ule.
"Zilikuwa na risasi, baba."

"Nilijua," akasema.
Akaomba chumvi.